Mkokoteni wa vifaa vya kazi Bagamoyo: anza na gurudumu

Mikokoteni mingi iliyoegemezwa ukutani na kusahaulika hapa Bagamoyo haikufa fremu, imekufa magurudumu. Mchanga umeingia kwenye beringi, chumvi imeila ekseli, au magurudumu yalikuwa madogo mno kwa njia za hapa tangu siku ya kwanza, mpaka mwenyewe akachoka kuvuta. Dukani watu huanzia juu: rangi, ukubwa wa kitanda, mpini, kisha bei. Sisi tunashauri uanzie chini. Ukishajua ardhi utakayopita na uzito utakaobeba, gurudumu linajulikana, na gurudumu ndilo litakaloamua ekseli, fremu na hata upana wa kitanda.

Haya yanamhusu fundi bomba, fundi umeme, seremala, mvuvi anayeshusha mashine ya boti pwani, mkulima wa mwani kule Mlingotini, na wapiga muziki wanaohamisha spika na ngoma kila wiki. Mizigo yao haifanani, lakini mchanga ni uleule.

Pima, usikadirie

Makadirio ya macho huwa madogo kuliko mzani. Chukua mzani wa kujipimia uzito, panda mikono mitupu, kisha panda tena ukiwa umebeba kifaa, utoe tofauti. Kwa kifaa kisichobebeka na mtu mmoja, nenda na kamba pale wanapopimia samaki kwa mzani wa kuning'iniza, uombe nafasi asubuhi boti hazijaingia.

Chukua mfano wa fundi mabomba anayefanya na umeme mdogo mdogo. Jenereta ndogo ya petroli ina kilo 45 hivi. Mashine ya kutoboa zege kilo 6, grinda kilo 2, sanduku la spana kilo 20, mabomba na viungo kilo 15, ndoo moja ya maji ya lita 20 kilo 20. Jumla kilo 108, na hapo hajaweka mfuko wa saruji ambao peke yake ni kilo 50. Mvuvi naye: mashine ya nguvu farasi 15 ya mipigo miwili huwa kati ya kilo 35 na 40, ya mipigo minne huzidi hapo kwa kilo kumi au zaidi, na lita 20 za petroli ni kilo 15 hivi, bado uzito wa dumu lenyewe. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 iliyofika hapa Bagamoyo walibeba kama frasila mbili kwa mtu, karibu kilo 32. Sanduku la spana na mashine mbili za umeme zinakaribia hapo, na jenereta haijaguswa.

Ukishapata jumla, soma kibandiko cha mkokoteni kwa tahadhari. Uwezo unaoandikwa ni wa sakafu laini, mzigo uliotulia na uliosambazwa sawasawa. Gurudumu likidondoka kwenye shimo, ekseli hupigwa kwa nguvu inayozidi sana uzito uliopo juu yake. Kwa njia za hapa chukua nusu ya namba iliyoandikwa. Fundi wetu wa kilo 108 anahitaji mkokoteni ulioandikwa kilo 200 na kitu, na wa kilo 150 ataukunja ndani ya msimu mmoja.

Tembea njia yako na futi mkononi

Usinunue kabla ya kuitembea njia unayopita zaidi ya zote, kutoka stoo mpaka kazini. Pima sehemu nyembamba kuliko zote, kwa kawaida ni geti la miguu au bawa moja la mlango. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina milango ya mabawa mawili yenye kizingiti kilichoinuka, na bawa la pili mara nyingi halifunguliwi. Pima nafasi iliyopo kweli kweli. Pima kimo cha kila kizingiti, ngazi na ukingo wa mtaro. Mwisho, hesabu hatua za mchanga laini.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mzigo wa kilo 100 kwenye lami au sakafu ya saruji unavutika kwa nguvu ya kilo 2 au 3 tu, kama matairi yana upepo na beringi ni nzima. Kwenye mchanga mkavu uliolegea, mzigo huohuo unadai kilo 20 hadi 30. Mtu mwenye nguvu ataweza hatua kadhaa, lakini kuendelea nao dakika kumi ni kazi nyingine kabisa, na wala hakuna mlima hapo. Mteremko ukiongezeka, kila mita moja ya kupanda ndani ya mita kumi za mwendo inaongeza kilo 10 nyingine juu ya hizo.

Pwani ya Bagamoyo maji hupwa mbali, yakaacha mchanga uliolowa na kushikana. Huo ni njia nzuri, karibu kama barabara ya udongo. Kinachoua ni ule ukanda mkavu ulio juu ya alama ya maji kujaa, kati ya mwisho wa bara na mchanga uliolowa. Wenye boti na wapiga muziki wanaofanya kazi ufukweni wanafanya vizuri wakichagua mahali ukanda huo ulipo mwembamba kuliko wote, waukate moja kwa moja, kisha wafuate mchanga uliolowa hata kama njia inarefuka mara mbili. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ukanda uliolowa huwa mpana sana maji yakitoka; siku za maji mafu huwa mwembamba, na saa ya kupita nayo inabadilika.

Gurudumu

Mambo matatu: kimo chake, upana wake, na kilichomo ndani ya tairi.

Kimo kinaamua utapanda nini. Chukua kizingiti cha sentimeta 5. Gurudumu gumu lenye kipenyo cha sentimeta 40, likivutwa mbele kwa usawa, linadai nguvu inayofika karibu asilimia 90 ya uzito ulio juu yake ili lipande. La sentimeta 25 linadai uzito wote huo na theluthi juu yake. Kizingiti ni kilekile, mzigo ni uleule, nguvu imezidi mara moja na nusu. Hapo ndipo watu wanapoinua mkokoteni mzima kwa mikono na kuumia mgongo, halafu lawama anapewa mzigo. Kwa matumizi ya mchanganyiko hapa Bagamoyo, hatushauri chini ya sentimeta 35.

Upana unaamua utazama au hutazama. Mchanga haubebi uzito kwenye mstari mwembamba. Gurudumu la baiskeli ni refu, linavuka vizingiti vizuri na linakwenda raha kwenye lami, lakini kwenye mchanga mkavu na kilo 100 juu yake linakata kama kisu. Tairi la upana wa sentimeta 10 ni mwanzo mzuri.

Ukubwa tunaoupendekeza kuliko wote ni ule ulioandikwa 4.00-8 ubavuni mwa tairi, maana yake inchi 4 upana wa tairi na inchi 8 kipenyo cha rimu. Likijazwa lina kimo cha sentimeta 40 hivi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ndilo tairi la toroli kubwa za ujenzi na ndilo linalofungwa kwenye bajaji nyingi. Kokote panapouzwa vipuri vya bajaji utapata tairi na tyubu yake, na fundi pancha yeyote analijua. Gurudumu la ukubwa wa ajabu lililokuja na mkokoteni wa nje litakusumbua siku tyubu inapokufa, kwa sababu itabidi ununue gurudumu zima, kama lipo. Tofauti moja uijue: tairi la bajaji lina tabaka nyingi za nyuzi ndani yake na ni gumu kuliko la toroli. Linavumilia mawe ya matumbawe na vioo, lakini ukipunguza upepo halitanuki sana mchangani. Anayeshinda ufukweni achukue la toroli; anayeshinda mitaani, kwenye kifusi na barabara za changarawe, achukue la bajaji.

Upepo uwe kazi yako ya kila siku. Soma kiwango cha juu kilichochapwa ubavuni na usikivuke. Kwa lami, psi 30 hivi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) zinatosha matairi mengi ya toroli. Ukifika mchangani shusha hadi psi 12 au 15, tairi litalala na kukanyaga eneo kubwa zaidi, na utaona alama yake mchangani inakuwa pana na fupi kwenda chini. Usishuke chini ya hapo ukiwa na tyubu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huteleza juu ya rimu huku vali imeshikwa kwenye tundu lake. Tyubu inavutwa, na inachanika pale pale kwenye shina la vali, mahali ambapo kiraka hakishiki. Dalili inaonekana mapema: vali inaanza kuinama upande mmoja. Simama, toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake kwa mikono, ujaze tena. Vali za matairi haya ni kama za gari na bodaboda, kwa hiyo pampu ya mguu ya gari inaingia moja kwa moja, ila pampu ya baiskeli za zamani itahitaji kiunganishi.

Matairi yasiyo na upepo yana mvuto wake kwa sababu hayapati pancha, na mbigili zetu si za mchezo. Yale ya povu ni mepesi na yanafaa kwa mtu wa lami na sakafu anayebeba chini ya kilo 80. Yakiachwa na mzigo juani kwa siku nyingi hutengeneza bapa upande mmoja na mkokoteni unaanza kudunda. Yale ya mpira mzito yanavumilia bapa, lakini ni mazito, mara nyingi ni madogo, na mchangani yanazama kwa sababu hayatanuki. Magurudumu ya plastiki ngumu yaache kabisa kama utakanyaga nje ya sakafu.

Kuhusu idadi: mawili makubwa yanashinda manne madogo katika ardhi yetu. Manne yanabeba mzigo bila mkono wako kushika uzito, na kwenye soko lenye sakafu ni raha, lakini mchangani yale ya mbele yanalima. Yakiwa ni yale madogo yanayojizungusha yenyewe, hugeuka ubavu, yakajichimbia, na mkokoteni unasimama hapo hapo. Toroli la gurudumu moja linapita njia nyembamba kuliko chombo kingine chochote, na kwa fundi ujenzi anayepita juu ya mbao halina mpinzani. Mchangani uzito mwingi unakaa juu ya gurudumu moja, ndiyo maana linazama upesi.

Beringi na ekseli

Geuza mkokoteni dukani, zungusha gurudumu kwa kidole, halafu usikilize. Linapaswa kuzunguka kimya na kusimama taratibu. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise ndani na nje. Likicheza kidogo tu kwenye kifaa kipya, liache.

Chungulia ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu ambamo ekseli hupita. Magurudumu ya bei ya chini huwa na bushi ya plastiki tu, chuma kikizunguka ndani yake. Mchanga ukiingia hapo hufanya kazi ya msasa, tundu linakuwa na umbo la yai, na gurudumu linaanza kuyumba. Unataka beringi za gololi zenye namba iliyochapwa. Kwa ekseli ya milimita 20 utakuta 6204, kwa milimita 25 utakuta 6205, na zote mbili zinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Herufi zinazofuata namba ndizo za kuangalia kwa mtu wa pwani: 2RS maana yake imefungwa mpira pande zote mbili, ZZ imefungwa kibati. Kibati kinazuia takataka kubwa, lakini maji ya chumvi na mchanga mwembamba vinapenya. Chukua 2RS.

Ekseli iwe shafti laini, imejaa, ya milimita 20 kwa mizigo isiyozidi kilo 150. Wapo mafundi wanaotumia nondo kwa sababu ipo jirani. Nondo ina mbavu, kipenyo chake si sawa toka mwanzo hadi mwisho, beringi haikai vizuri juu yake, hivyo ndani ya beringi panaliwa na gurudumu linapinda. Kataa hata kama bei imeshuka. Bomba nalo linapinda pale linapotoka kwenye fremu. Mwisho wa ekseli pawe na nati ya kujikaza yenye plastiki ndani, au washa na pini ya miguu miwili iliyokunjwa. Ukiona msumari umepindwa kwenye tundu, ubadilishe siku hiyohiyo.

Chumvi na fremu

Hewa ya pwani peke yake inaleta kutu, hata kama mkokoteni haujawahi kugusa maji. Swali la kumwuliza muuzaji kuhusu chuma chenye zinki ni kama kimechovywa kwenye zinki ya moto au kimepakwa kwa umeme. Cha kuchovya kina ngozi ya mikroni 50 na zaidi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kijivu, hakina mng'ao sana, na pengine kina vidonda vidonda vya matone. Cha umeme kinang'aa vizuri machoni, ila ngozi yake ni mikroni kumi hivi. Pwani kinaanza kutoka kutu kwenye maungio mapema sana. Rangi ya unga iliyookwa ni nzuri mpaka ipate mkwaruzo. Ikishapasuka, kutu inatembea chini yake bila kuonekana, halafu siku moja rangi inatoka kama ganda.

Adui mkubwa zaidi amejificha ndani ya bomba. Mabomba ya mraba yakiachwa wazi yanapokea maji ya chumvi. Yakizibwa vibaya yanayafungia humo. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba ili maji yatoke. Ukigonga bomba kuukuu kwa spana, lililo zima linalia, lililoliwa ndani linatoa sauti butu.

Alumini haili kutu ya chuma na ni nyepesi, lakini ikifungwa bolti za stenlesi na maji ya chumvi yakapita katikati, alumini ndiyo inayoliwa kuzunguka bolti. Weka washa ya plastiki au mpira kati yao. Kwa bolti za stenlesi zenyewe, beba sumaku ndogo: ikishika kwa nguvu, hiyo siyo stenlesi nzuri ya pwani.

Vilivyopo sokoni, na nani achukue kipi

Mkokoteni wa kitambaa unaokunjwa, ule wa magurudumu manne madogo, unamfaa mpiga ngoma au mpiga picha anayetembea kwenye lami na sakafu na anayeingiza chombo kwenye buti la gari. Kabla ya kulipa ufungue na kuufunga mara kadhaa, uangalie rivti za viungo. Zikilegea dukani, kazini hazitafika mbali. Usiubebeshe jenereta.

Toroli la kusimama la magurudumu mawili, lile la kubebea friji na makreti, ni zuri kwa mitungi ya gesi na spika ndefu. Tafuta lenye matairi ya upepo, na ulifunge mkanda kila mara.

Toroli bapa la magurudumu manne libaki ndani ya ghala.

Mkokoteni wa bustani wenye kitanda cha wavu na magurudumu manne ya upepo ni chombo kizuri kwa fundi wa mitaani. Ila ukikata kona kali magurudumu ya mbele yanaingia chini ya kitanda na pembe moja inabaki bila mguu, ukapinduka na jenereta yako. Kata kona pana, na mzigo mzito uweke nyuma ya katikati.

Kama unahamisha vifaa mara moja kwa wiki na safari ni ndefu, mpaka Kiromo au Zinga, kodi guta au pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Mkokoteni wako unalipa pale unapotumika kila siku kwa njia fupi.

Kumpa fundi akutengenezee

Kwa mizigo ya kilo 100 hadi 150, sisi tungemwendea fundi wa kuchomelea. Bomba moja la mraba la 40 kwa 40, unene wa milimita 2, linatosha fremu nzima. Usikubali milimita 1.5, tofauti ya bei ni ndogo na kutu itakuta robo ya kazi imeshafanywa.

Kata mihimili miwili ya sentimeta 180, vipande vitatu vya kati vya sentimeta 42, na miguu miwili ya sentimeta 30. Jumla ni sentimeta 546, kwa hiyo hata bomba lenye mita 5.8 badala ya 6 linatosha, na masalio yanakuwa vibati vya kuimarishia kona. Kila mhimili una sentimeta 100 za kitanda na 80 za mpini. Mahali mpini unapoanzia, fundi akate kabari yenye umbo la V upande wa juu, akunje juu kwa nyuzi 35 hivi, achomelee, kisha aweke kibati juu ya mkunjo pande zote. Hiyo inaleta mkono kwenye kimo cha sentimeta 70 hivi kitanda kikiwa sawa, kimo kinachowafaa watu wazima wengi wakiwa wamenyoosha mikono. Aliye mrefu aongeze nyuzi chache. Mipini ikiachwa imenyooka bila kukunjwa, kila ukiinua, kitanda kinalala na vyombo vyote vinateleza mbele.

Kitanda kinakuwa na upana wa sentimeta 50, na magurudumu ya 4.00-8 yakikaa nje yake, upana wote unafika sentimeta 75 au 76. Rudi kwenye vipimo vya mlango wako kabla fundi hajawasha mashine. Usipunguze upana kati ya magurudumu kwa sababu ya mlango mmoja: kadiri kitovu cha uzito kinavyopanda na upana huo unavyopungua, ndivyo mkokoteni unavyoanguka ubavu kwa urahisi kwenye mteremko.

Ekseli isichomelewe kwenye fremu. Ifungwe kwa yubolti (bolti zilizopindwa kama herufi U) mbili kila upande. Joto la kuchomelea linaipindisha shafti, na ekseli iliyochomelewa haisogei wala haibadilishiki. Ya yubolti utaisogeza mbele au nyuma mpaka mzigo wako wa kila siku ukae sawa. Miguu nayo ipimwe na kupunguzwa baada ya magurudumu kufungwa na kujazwa upepo, ili kitanda kitulie bapa.

Kama bomba lina zinki, fundi aikwangue kwa grinda sentimeta kadhaa kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea. Moshi wa zinki unaleta homa na kifua, na kiungo chenyewe kinajaa vitundu. Kazi ifanyike mahali pa wazi. Akimaliza, agonge maganda yote ya kuchomelea, asugue kwa brashi ya waya, apake rangi ya kuzuia kutu mikono miwili siku hiyohiyo, na rangi ya mafuta juu yake. Ukiiacha fremu usiku mmoja bila rangi huku Dunda au Kaole, asubuhi imeshakuwa ya kahawia.

Kitandani weka mbao za unene wa milimita 20 hadi 25, za mkongo kama mfuko unaruhusu, zikiachana kwa milimita 5 ili mchanga na maji vidondoke. Kitanda cha bati kinatunza maji ya chumvi na kinapiga kelele. Funga kwa bolti, maana misumari inalegea kwa mtikisiko. Chomelea pete sita za kufungia kamba, tatu kila upande, sasa hivi kabla ya rangi. Watu huzikumbuka baadaye na kuharibu rangi.

Kupakia

Kizito kikae juu ya ekseli na chini kabisa. Kisha inua mpini: unatakiwa uhisi uzito kidogo mikononi, kilo 5 hadi 8. Kwa mkokoteni huu wenye mzigo wa kilo 100, kitovu cha mzigo kikiwa sentimeta 8 nyuma ya ekseli, upande wa mpini, mikono inapokea kilo 7. Mzigo ukienda mbele ya ekseli, mpini unataka kuruka juu na kwenye mteremko unakushinda. Ukirudi nyuma sana, mabega yanaumia kabla ya robo saa. Mchangani vuta, usisukume: ukisukuma kwa mikono inayoelekea chini unaongeza uzito kwenye magurudumu, na ukivuta unayapunguzia.

Mashine za umeme ziingie kwenye ndoo za rangi za lita 20 zenye vifuniko, kila moja na kitambaa kikavu ndani. Ndoo hizo hazipati kutu, zinaziba vizuri na zinajipanga. Dumu la petroli likae mbali na jenereta iliyotoka kuzimwa, upande wa pili wa kitanda, likiwa limesimama na kufungwa. Mashine ya boti ya mipigo minne ukiilaza, ilaze upande ulioelekezwa na mtengenezaji tu. Upande mwingine oili inaingia kwenye silinda. Kwa mashine yoyote, kichwa kiwe juu kuliko mguu wa propela, maji yaliyobaki yasirudi ndani. Kwa kufungia, vipande virefu vya tyubu kuukuu vinashika vizuri kuliko kamba ya katani kwa sababu vinavutika na kuendelea kubana mzigo unapotikisika, ila jenereta iongezee mkanda wa kukaza.

Matunzo

Usiingize magurudumu baharini kama una njia nyingine. Yakiingia, yamwagie maji baridi siku hiyohiyo kwa ndoo, usitumie pampu yenye kasi kuelekea kwenye beringi, maana inasukuma mchanga ndani. Futa, kisha paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti na mwisho wa ekseli. Kama habu yako ina nipo (kichuchu cha kupampia grisi), pampu mpaka grisi chafu itoke yote na safi ianze kuonekana. Beringi ya 2RS haipampwi. Ikianza kukwaruza, ibadilishe, na ubadilishe zote mbili za gurudumu hilo kwa pamoja.

Baada ya wiki ya kwanza ya kazi kaza upya bolti zote, hasa yubolti za ekseli, kwa kuwa rangi iliyo chini yake hubonyea na kulegeza. Kwenye kisanduku cha mkokoteni weka tyubu moja ya 4.00-8, viraka na gundi, pampu, spana ya nati ya ekseli na ya yubolti, pini mbili za akiba na kipimo cha upepo. Wakati wa masika ongeza kijiti cha kukwangulia udongo uliojaa kati ya tairi na fremu.